Neno Aliloniita Bi Cheverton

Swindon, 13 Oktoba 1996

Mwanangu Sabela,

Soseji za mama yako zimefika nzima. Barua uliyoifungia pamoja nazo imelowa mafuta, kwa hiyo vivumishi vyako vyote mia tatu sasa vinanukia vitunguu saumu, na hiyo ndiyo ladha pekee viliyo nayo. Sisi hatujambo. Mama Mdogo wako Dorinda goti linamuuma akipanda ngazi, akishuka haliumi. Daktari kamwambia jambo hilo haliwezekani, naye kamwambia daktari apande yeye basi. Mikahawa inakwenda. Mpishi wangu wa pili amevunjika kidole akifungua mlango wa friji, usiniulize vipi. Mwambie kaka yangu Benigno asikate ile miti ya mpakani mpaka nije, maana jirani yule akipata ukuni mmoja atadai shamba zima.

Haya, vivumishi. Unasema mtihani wako wa Kiingereza ni mwezi wa sita, na kwa kuwa nimekaa Uingereza muda mrefu, nikuandikie sentensi kwa kila kimoja, vile watu wanavyosema kweli. Nimeipitia orodha yako nikiwa nimesimama kando ya jiko. Mwanangu, mimi niliingia nchi hii nikiosha masufuria katika hoteli ambayo jina lake sikuweza kulitamka. Leo nina mikahawa miwili na watu kumi na wanne wanaoniita bosi, na kwa miaka yote ishirini na sita nimetumia vivumishi saba. Moto, baridi, safi, chafu, mbichi, iliyochacha. Cha saba ni "boring", na hicho nilikitumia kwa makosa. Mwaka wa kwanza kila aliyeniuliza hali nilimjibu "I am boring", nikidhani nasema nimechoshwa na upweke. Kumbe nilikuwa nawatangazia kwamba mimi ndiye ninayewachosha wengine. Hakuna aliyenisahihisha. Walitikisa vichwa kwa upole. Mwaka mzima, Sabela!

Kati ya vivumishi vyako mia tatu, kwenye mkahawa nimewahi kusikia labda ishirini, na kumi kati ya hivyo vilitoka kwa mtu aliyekuwa hataki kulipa. Soma kama unataka. Ila usiniambie kwamba ndiyo lugha ya watu.

Binti yangu Olalla ataolewa tarehe kumi Mei na yule Hugh. Karamu itakuwa hemani, kwenye bustani ya mama yake Hugh, Bi Cheverton. Mimi sitakuwepo. Ni Jumamosi, kuna kazi.

Ukijibu, jibu kwa barua. Simu iko sebuleni na sebule ina masikio ya Dorinda.

Baba Mdogo wako,
Eladio


Lugo, 15 Novemba 1996

Baba Mdogo, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya nguruwe. Tumemchinja siku ya Mtakatifu Martino kama kawaida, na baba kama kawaida amegombana na mchinjaji, kila mmoja akidai kisu cha mwenzake ni cha kupakia siagi. Bibi amekaa jikoni kwenye kiti chake akitoa amri. Miti ya mpakani bado imesimama. Mimi nauza viatu mpaka saa mbili, kisha nakimbilia darasani, ambako mwalimu wetu Don Amancio anatufundisha Kiingereza cha juu kabisa kwa ujasiri wa mtu aliyekaa London wiki mbili.

Asante kwa vivumishi vyako saba. Nimevibandika ukutani. Lakini bosi, mimi sitafuti kazi ya kuosha masufuria. Natafuta kuingia kwenye orodha ya walimu, na bila cheti hicho nitafia kwenye viatu. Ungejua wanavyotutesa! Kwetu Galicia kivumishi kinamfuata mwenye jina lake, kinavaa anavyovaa, akiwa mmoja ni kimoja, wakiwa wengi nacho kinakuwa kingi. Kwao kinatangulia mbele uchi, hakijui mke wala mume, hakijui umoja wala wingi. Na vikiwa vingi lazima vipange foleni: kwanza maoni yako, kisha ukubwa, umri, umbo, rangi, kwao ni wapi, ametengenezwa kwa nini. Ukitaka kumtaja ng'ombe wa baba, inabidi useme mzuri, mkubwa, mzee, mwekundu, wa Galicia, ndipo ng'ombe atokee, na wakati huo ameshamaliza kabichi zote.

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Mama Mdogo Dorinda alimpigia mama simu akalia. Unasema Jumamosi kuna kazi. Mkahawa wako mmoja uko chini ya ofisi za bima na Jumamosi huwa umefungwa, uliniambia mwenyewe ulipojisifu kwamba unalala mpaka saa tatu. Wa pili una meneja. Binti unaye mmoja. Hesabu zako siku zote huwa zinakubali, Baba Mdogo. Hii haikubali. Kuna nini?

Sabela


Swindon, 1 Desemba 1996

Sabela,

Wape salamu wote, na mwambie Benigno kisu chake kweli ni cha siagi. Hapa baridi imeanza. Nimebadilisha muuza nyama, yule wa zamani alikuwa ananiuzia mifupa yenye kumbukumbu ya nyama.

Umeuliza, nakujibu, na ukimwambia mama yako nitajua.

Mwezi wa tisa Bi Cheverton alitualika chakula cha mchana, ili wazazi tujuane. Nikavaa tai. Nikala kondoo aliyemwagiwa mnanaa wenye siki, jambo ambalo kwetu wangemwita polisi. Nikamsifu mbwa. Nikakaa saa tatu kwenye kiti chenye miguu mitatu na nusu nikisikiliza habari za mawaridi. Baadaye nikaenda msalani, na niliporudi koridoni nikamsikia jikoni akimwambia dada yake. Alisema, "Eladio is terribly fastidious." Hivyo hivyo. Dada yake akacheka kwa pua.

Sikuhitaji kitabu. Fastidioso! Bibi yako alituita hivyo mimi na baba yako kila siku tulipomng'ang'ania sketi. Msumbufu, kero, nzi wa sikioni. Na si kero ya kawaida, la, "terribly", kero ya kutisha. Mimi, niliyemsifu mbwa wake.

Jikoni kazini nimeitwa majina ambayo siwezi kukuandikia. Lakini waliniita usoni, nami niliwajibu usoni, tukaendelea kumenya viazi. Huyu alinitabasamia mezani, akanipakulia viazi mara mbili, kisha akaenda kunisengenya kwa dada yake. Siwezi kwenda kukaa chini ya hema la mtu anayeniona nzi, nimshike binti yangu mkono nimpeleke mbele ya watu wote wale, huku wakijua nimeitwa nini.

Dorinda hajui. Olalla hajui. Nikimwambia, atagombana na mkwe wake kabla ya kuolewa, na baadaye itasemwa mimi ndiye niliyeanzisha. Bora kazi ya Jumamosi.

Wewe unayesoma vivumishi vya juu, niambie kama nimekosea.

Eladio


Lugo, 20 Desemba 1996

Baba Mdogo, shikamoo, na Krismasi njema kwenu nyote.

Hujakosea. Sikuhitaji hata kufungua kamusi. Nimesoma lugha za Kilatini chuo kikuu miaka mitano, na neno hilo, lao na letu, limetoka tumbo moja. Wao walilichukua Roma kama sisi, tofauti ni kwamba wanalitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Hilo la "terribly" ndilo limekudanganya kidogo: hapo halitishi, ni "mno" tu, Don Amancio ametufundisha juzi. Lakini kero mno ni kero vilevile.

Kwa hiyo ametukana. Na yeye ana mawaridi, sisi tuna kabichi, ndiyo maana akadhani hatutaelewa. Ningekuwa wewe nisingeenda. Mwache amshike mkono mbwa wake.

Mama anasema kwenye kifurushi kuna jibini, ile ya duara. Kuleni haraka.

Sabela


Swindon, 19 Januari 1997

Sabela,

Jibini ilifika na tukaila. Mwaka mpya mwema, ingawa umeshazeeka siku kumi na tisa. Bomba la maji ya moto la mkahawa wa mjini lilipasuka, tulifunga siku mbili. Mpishi wa pili amepona kidole na amesahau kupika.

Nashukuru kwa elimu yako. Nilikuwa na shaka ya punje moja, ukaiondoa. Kwa hiyo nimemwambia Olalla waziwazi kwamba siendi. Akauliza, "Kwa nini, baba?" Nikasema kazi. Akasema, "Funga." Nikasema siwezi. Akasema, "Ulifunga siku mbili kwa ajili ya bomba."

Basi amemwomba mjomba wa Hugh ampeleke yeye mbele. Ni baharia mstaafu, ana masharubu, anasimama vizuri. Nimeambiwa amekubali kwa furaha. Dorinda amehamia chumba cha cherehani, anasema ni kwa sababu anashona gauni mpaka saa nyingi. Labda.

Olalla huja kupimwa gauni nikiwa kazini. Jumapili iliyopita nilikuwepo nyumbani, hivyo akabaki ndani ya gari barabarani akimngoja mama yake amletee sanduku la vitambaa. Kulikuwa na barafu. Nilimpelekea supu ya mboga na mfupa. Alishusha kioo, akaipokea, akapandisha kioo. Alipomaliza akashusha tena, akanipa bakuli. Supu yote ameila.

Hayo ndiyo ya huku. Mtihani wako unaendeleaje?

Eladio


Lugo, 9 Machi 1997

Baba Mdogo mpendwa, shikamoo sana.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Mama Mdogo, goti lake, mikahawa yote miwili na wafanyakazi wote kumi na wanne. Sisi huku wazima kabisa. Baba aling'olewa jino la nyuma na sasa anatuonyesha shimo wakati wa kula. Bibi ana umri wa miaka tisini na moja tangu Jumatano, tukamfanyia keki, akasema imekauka. Mvua imenyesha mwezi mzima. Ng'ombe amezaa ndama dume. Dukani tumepata viatu vya majira mapya, vya ngozi, visigino vifupi, watu wanavipenda. Jirani amezungusha waya mpakani na baba ameuzungushia waya mwingine.

Juu ya masomo, kuna jambo dogo lilitokea, nakuandikia kama taarifa tu.

Tuliambiwa tuandike insha juu ya likizo pwani, tukitumia vivumishi kumi vya kwenye orodha. Nikaandika kwamba nilisumbuliwa na mbu, nikamwita "a fastidious mosquito". Don Amancio aliisoma mbele ya darasa. Akasema, "Mbu wa Sabela ni bwana mkubwa. Kabla ya kuuma ananawa mikono. Anakagua mguu, anaona una mchanga, anaurudisha jikoni." Darasa zima likacheka. Mwanamume mmoja wa posta alicheka mpaka akatoka nje.

Inaonekana Waingereza walilichukua lile neno wakaligeuza ndani nje. Huko kwao, kwa mujibu wa kamusi tatu nilizozifungua, si msumbufu hata kidogo. Ni mtu anayejali sana usafi na utaratibu, anayetaka kila kitu kiwe sawasawa, asiyeridhika ovyo. Kwa hiyo inawezekana, sisemi lazima, lakini inawezekana, kwamba Bi Cheverton alikuwa anakusifu. Huenda ni sifa njema.

Nimeona ni vizuri ujue.

Wako mtiifu,
Sabela


Swindon, 23 Machi 1997

Bi Sabela, mtaalamu wa lugha za Kilatini,

Hatujambo. Pole kwa jino la Benigno.

Desemba ulikuwa na miaka mitano ya chuo kikuu na hukuhitaji kufungua kamusi. Machi umezifungua tatu, na imebidi kwanza uumwe na mbu. Mbu huyo apewe cheti, maana ndiye aliyekufundisha.

Mistari ishirini nimesoma habari za ndama, waya na visigino vifupi, nikasema moyoni, huyu mtoto ana kitu anakizunguka. "Taarifa tu." "Inawezekana, sisemi lazima." "Huenda." Hiyo lugha umeipata wapi? Ndiyo wanayowafundisha huko? Mimi hapa nina binti anayekula supu kupitia dirisha la gari, nina mke anayelala na cherehani, nina baharia mwenye masharubu anayefanya mazoezi ya kutembea na mwanangu, nawe unaniletea huenda!

Tena hata kamusi zako hazijatulia. Anayejali usafi ni sifa. Asiyeridhika ovyo, je? Mteja asiyeridhika ovyo ninaye mmoja kila Alhamisi, anarudisha yai. Simsifu.

Basi nimefikia hapa: nina maana mbili, moja ya Bibi na moja ya mbu, na hakuna hata moja iliyotoka kwa mwenye neno. Nitakwenda kumwuliza mwenyewe.

Eladio


Lugo, 3 Aprili 1997

Baba Mdogo, shikamoo. Nyumbani wote salama. Naandika haraka ili iwahi posta.

Usiende kumwuliza, nakuomba. Huwajui kwa miaka ishirini na sita? Hawaulizwi hivyo. Ukimwuliza, atasema ni sifa, iwe ilikuwa sifa au haikuwa. Atatabasamu, atakuletea biskuti, nawe utarudi nyumbani ukiwa hujui lolote zaidi ya ulilokwenda nalo, ila sasa naye atajua ulikuwa unasikiliza koridoni. Wewe chukua maana ya kamusi. Ni nzuri, inakutosha, inakuvaa. Mwambie Olalla umepata nafasi Jumamosi. Nani atakuuliza?

Na juu ya Desemba sina la kusema. Nilikuwa na kazi nyingi dukani.

Sabela


Swindon, 27 Aprili 1997

Mwanangu Sabela,

Kwanza ya nyumbani. Sote wazima. Mwambie mama yako soseji za safari hii azifunge mbali na karatasi. Mwambie kaka yangu tiketi ya ndege ni ya tarehe nane na aache ugomvi wa waya, utamngoja. Nawe uje, na ulete koti, mahali pa hema lao panaingiza upepo pande mbili, nimepakagua.

Naam, nimepakagua. Nilikwenda Jumanne, peke yangu, na nguo za kazini ili asidhani nimekwenda kuomba kitu. Nilimkuta bustanini na viatu vya mpira na kamba ndefu, anapima mahali pa kusimamisha hema. Akaniona akasema, "Bwana Vila-rino!" Jina langu huwa analikata vipande viwili kama mkate. "Utakunywa chai?"

Nikamwambia, "Sinywi. Nimekuja kuuliza neno."

"Neno gani?"

"Mwezi wa tisa, jikoni kwako, ulimwambia dada yako mimi ni terribly fastidious. Nilikuwa koridoni. Kwetu neno hilo ni kero, mtu msumbufu. Mtoto wa kaka yangu anasoma lugha yenu, ananiambia kwenu ni mtu wa usafi. Wewe ulinipa lipi?"

Akawa mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu, kama kamba wa baharini aliyetiwa kwenye maji ya moto. Mbwa akaja akatutazama, akaondoka.

Sasa sikiliza. Mlango ulikuwa wazi, Sabela. Ulisema ataupitia, nami nilisimama pale nikimngoja aupitie. Angesema tu, "Usafi, Bwana Vila-rino, nilikuwa nakusifu," ningeshukuru na kuondoka na nisingejua mpaka nakufa. Aliizungusha ile kamba mkononi mara kadhaa.

"Si la kwenu wala la mtoto wa kaka yako," akasema. "Nilikuwa nimekasirika. Ulipangusa uma wangu kwa kitambaa cha mezani. Halafu kisu. Halafu ukainua glasi ukaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Mbele ya watu wote! Nilikuwa nasafisha ile nyumba tangu Alhamisi."

Sabela, sikujua kama nilifanya hivyo. Mikono yangu hufanya bila kuniuliza. Lakini glasi naikumbuka.

"Ilikuwa na rangi ya midomo," nikasema.

"Haikuwa yangu!"

"Sikusema yako. Yako ni ya waridi. Ile ilikuwa nyekundu."

"Ya dada yangu," akasema, na sauti ikamshuka. "Yeye haoshi. Anasuuza."

"Kwa hiyo lilikuwa tusi."

Akafikiri. Namheshimu kwa hilo, alifikiri kweli. "Lilikuwa tusi dogo," akasema. "Nilimaanisha kwamba hakuna kitakachokuridhisha kwangu. Ila mezani nilikupakulia viazi kwa moyo safi."

Nimeishi na watu hawa tangu nikiwa na nywele. Wameniambia chakula changu kinavutia kisha wakakiacha kwenye sahani. Wamesema lazima tukutane tena, sijawaona. Huyu ndiye Mwingereza wa kwanza kunitukana na akakubali kwamba amenitukana. Nikamwambia chai sasa nitakunywa. Akaleta vikombe viwili, na kabla ya kumimina akakiinua kimoja baada ya kingine kwenye mwanga, taratibu, huku ananitazama mimi, si vikombe.

"Viko safi?" nikauliza.

"Kimoja," akasema, akanipa hicho.

Tulikaa. Akaniuliza kama Olalla anajua. Nikasema hajui. Akasema, "Mimi nilidhani humtaki Hugh."

"Hugh hana ubaya, anakula kila kitu."

"Mjomba wake ameshanunua viatu vya harusi."

"Avivae akae navyo kitini."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaniomba siku ya harusi nifike mapema nimkagulie glasi za hemani, maana zinakodishwa na hajui zimepita midomo ya nani. Nimekubali. Nimemwambia wazi kwamba nitakataa nusu.

Kwa hiyo kamusi zako tatu zirudishe rafuni. Hakuna hata moja iliyoandika neno hili ni mwanamke aliyesafisha nyumba tangu Alhamisi akaona mgeni anapangusa uma. Kwenye mtihani waandikie wanachotaka kusikia, upate cheti chako, utoke kwenye viatu. Usimwite mbu chochote.

Nilirudi nyumbani saa ambayo huwa sirudi. Gari la Olalla lilikuwa nje. Nikamkuta chumba cha cherehani, amesimama juu ya stuli na gauni, Dorinda amepiga magoti chini na mdomo umejaa pini. Hakuweza kukimbia, maana alikuwa amebanwa pini kuanzia kwapani mpaka kwenye visigino. Akatazama ukutani. Basi nikawaeleza wote wawili pale pale mlangoni, habari za koridoni, uma, glasi, mbu, vyote.

Olalla aligeuza kichwa tu, mwili ukabaki ulivyo. "Miezi saba, baba? Kwa ajili ya neno?"

"Maneno mawili," nikasema. "Kulikuwa na 'terribly'."

"Na ungeniacha nishikwe mkono na yule mwenye masharubu."

"Anasimama vizuri."

"Baba!"

"Nitakuja," nikasema. "Kama nafasi bado ipo."

Dorinda alitaka kusema kitu lakini pini zilimzuia, mara moja katika maisha. Olalla akashuka kwenye stuli bila kungoja kushushwa, akaja akanikumbatia na gauni lake lote na pini zake zote. Mama yake akapiga kelele juu ya mshono. Olalla akaniuliza sikioni kama zinachoma.

Nikamwambia hapana. Zilikuwa zinachoma kila mahali, nami sikusogea.

Eladio